Mpira Mmoja Kila Upande

Siwema alikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, akaambiwa apanue mdomo. Ulipanuka kiasi cha kidole kimoja tu, kisha kiungo cha taya kikalia ko, karibu na sikio, machozi yakamlengalenga.

Daktari mkuu, mama wa makamo, alimgeukia Lubango, kijana aliyemfunga Siwema waya wa kunyoosha meno miezi minane iliyopita. "Ulimwambia avae mipira mingapi ya kuvutia meno?"

"Mmoja kila upande, mama." Lubango aliinamisha kichwa. "Labda nilikaza waya mno. Kosa ni langu. Nisamehe, dada."

Siwema alikodolea macho taa ya juu. Harusi yake ilibakiza wiki tatu, na mawifi walikwisha kumbandika jina la Meno Reki. Mwezi mzima alikuwa akivaa mipira minne kila upande, ili meno yawahi siku hiyo. Leo asubuhi, kwenye ngazi za zahanati, aliitoa ya ziada akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Basi wagonjwa wako atawachukua mwenzako," alisema yule mama, "mpaka nijiridhishe na kazi yako."

"Sawa, mama."

Lubango alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akaanza kumkanda shavu polepole. Siwema alitaka kusema. Taya lilimkatalia, au alilisingizia tu. Vidole vyake vikalitafuta pindo, vikalegeza fundo, na mipira sita midogo ikadondoka sakafuni. Hakuna aliyekuwa ametazama chini bado.