Kiazi Chini ya Ngazi

Mikono ya mzimamoto ambaye wenzake walimwita Bonge ilianza kutetemeka alipofika katikati ya ngazi, akashuka taratibu, akisingizia kamba za viatu.

Yalikuwa majaribio tu. Mtihani wenyewe ungefuata baada ya muda mfupi: kwanza kupanda hadi juu, kisha kupimwa uzito. Tangu anenepe, alikuwa amewekwa ofisini kupokea simu. Kila king'ora kilipolia, wenzake waliliparamia gari, naye akabaki na simu sikioni, roho ikiwafuata hadi lango lilipofungwa. Ili afaulu na kurudi garini pamoja nao, alikuwa akikimbia kila asubuhi, na tangu jana hakutia chakula kinywani.

"Umekula nini?" dereva wa gari lao alimwuliza.

"Nimekunywa maji."

"Maji! Kaka, hata gari hili limejaa maji tumbo zima, lakini bila dizeli haliendi popote."

Akamkunjulia karatasi yenye kiazi cha kuchemsha na yai.

"Na mzani je? Nikila hiki, huenda nikazidi uzito unaotakiwa."

"Mzani uko hapa chini, Bonge. Fika juu kwanza."

Ganda la kiazi lilikuwa limepasuka upande mmoja, na mvuke mwembamba ukitoka kwenye unga mweupe wa ndani. Mate yalimjaa. Uwanjani, wenzake walikuwa wamekwisha kuketi garini, bega kwa bega, wakicheka jambo ambalo hakulisikia.

Akavua glavu, akauma kiazi, akanyoosha mkono kuchukua yai.