Bangili ya Kugawana Maumivu

Tangu ilipoamriwa kwamba kila anayejiumiza agawane maumivu na mzazi wake, Mwanahawa hakuivua ile bangili ya kuyapokea hata akienda kuoga. Binti yake, Ghanima, akijikwaa chumbani, kidole cha mama ndicho kilichouma. Lakini ule mkono wa Ghanima wenye makovu ya kujikata ulikuwa kimya mwezi wa tatu sasa, na Mwanahawa alianza kuonja usingizi.

Asubuhi hiyo, siku moja baada ya bangili zote kuongezewa nguvu kwa amri mpya, alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, mara kifua kikambana kama kimekaliwa na mtu. Nazi ikamponyoka. Akakurupuka na bendeji, akausukuma mlango wa binti yake.

"Umejiumiza wapi? Nionyeshe!"

Ghanima alikuwa kitandani, anakunja kanzu ya marehemu baba yake. Mama akampandishia mikono ya gauni, akakagua kote. Makovu yalikuwa yale yale, makavu.

"Sijajigusa, mama."

Pumzi zikamwishia Mwanahawa. Akateleza ukutani hadi sakafuni.

"Basi haya ni maumivu gani? Yananiua, mwanangu!"

Ghanima akaitazama bangili, kisha akamtazama mama yake kwa huruma.

"Ndiyo haya yangu ya siku zote, mama. Na leo ni afadhali."