Jiwe la Bi Kasa

Kasa na Kaa walikuwa majirani, Kasa akiishi ufuo wa mashariki wa ghuba na Kaa ufuo wa magharibi. Walipogombania maji yaliyo kati yao, walimwita Pomboo awawekee mpaka.

"Mpaka utapita katikati ya pwani zenu mbili," akasema Pomboo.

Kasa, kwa tamaa yake, akaonyesha jiwe tupu lililochomoza karibu na ufuo wa Kaa. "Basi pwani yangu inaanzia pale. Pale ni kwangu."

Kaa akaingiwa na hofu, maana mpaka ukipimwa kutoka jiweni, wanawe wasingepata hata mahali pa kuogea. Lakini Pomboo hakubishana.

"Kama ni kwako, Bi Kasa, nenda ukatage huko. Ukishataga, nitapima kuanzia hapo."

Kasa akahamia jiweni kwa furaha. Siku za kutaga zilipofika, akachimba mpaka miguu ikamuuma, wala hakupata hata punje ya mchanga. Uchungu ulipomzidi akajitosa majini, akaogelea hadi ufuo wa mashariki, akayafukia mayai yake salama.

Alipogeuka, akamkuta Pomboo anamsubiri. "Umefika wapi, Bi Kasa?"

"Nyumbani," akajibu Kasa.

Pomboo akapima kutoka mchanga hadi mchanga, akaweka mpaka katikati kabisa. Kasa akautazama, akacheka kwa haya.

"Nimeona waamuzi wengi," akasema, "lakini ni wewe tu uliyeniachia mimi nitoe hukumu."