Hata Funda Moja

"Fungua mwenyewe," nesi alisema, akasogea pembeni.

Mgeni aliuvuta mlango wa friji. Ndani hamkuwa na kitu. Rafu tupu, na joto kama la kabati la nguo. Akaufunga, akaufungua tena, kama mtu anayetafuta sukari kwenye kopo alilokwisha kulikung'uta.

"Insulini ziko wapi, Sista?"

"Friji imezimika tangu mitambo ilipokufa, mzee. Ulitegemea ukute nini humo?"

Mgeni huyo watu walimwita Zoazoa, ingawa si mbele yake. Kompyuta za bohari kuu ya dawa zilikuwa zimezima, kisha simu, kisha umeme, na tangu hapo hakuna zahanati iliyoletewa hata kidonge. Yeye alikuwa msimamizi wa hospitali ya wakubwa, na sasa alizunguka na gari akizoa dawa ya sukari kwenye zahanati ndogo ndogo, "kwa ajili ya usalama." Zahanati ya ng'ambo ya mto aliiachia pamba tu. Wagonjwa wa kule waliambiwa waifuate dawa hospitalini kwake. Waifuate na nini? Pampu za mafuta nazo zilikuwa zimekufa.

"Kwa hiyo mmeziacha zikaharibika," alisema. "Siku zote nasema, ninyi huku hamwezi kutunza dawa."

"Friji hii haiwezi, ni kweli," nesi alijibu kwa upole.

Zoazoa alipekua kabati. Akainua godoro la kitanda cha wagonjwa, akachungulia ndani ya boksi la glavu. Nesi alimfuata nyuma akirudisha kila kitu mahali pake.

Nje, wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi la barazani. Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya chai, kama ilivyo kwa watu wanaojua kwamba foleni ya zahanati inaweza kula siku nzima. Mwisho wa benchi alikuwepo seremala na binti yake mdogo, aliyelaza kichwa mapajani kwa baba. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka. Wakati wake wa sindano ulikuwa umefika, na sasa ulikuwa unapita. Baba yake alimpepea kwa kipande cha boksi. Bibi aliyekaa jirani nao alikuwa amevua mtandio wake na kumfunika miguu, japo hawakuwa ndugu.

"Huyu ana nini?" Zoazoa aliuliza.

"Sukari, mzee," seremala alisema bila kuinua macho.

"Na mmeshaambiwa dawa hakuna. Mnakaa hapa mnasubiri nini?"

Seremala akamtazama nesi, kisha akaitazama sakafu. "Tunasubiri tu, mzee."

Dereva alikuja akijifuta jasho. "Injini imechemka, bosi. Tuiache ipoe kidogo."

Zoazoa akashusha pumzi, akajitupa kwenye benchi katikati ya watu. Nesi, mlangoni, aliukamata mwimo wa mlango. Mtoto aliguna. Baba yake akaongeza kupepea.

"Mbona hapa pananuka samaki?"

"Ni mimi, mzee," alisema muuza samaki, mkono juu kama mwanafunzi. "Nauza samaki. Kazi yangu haifichiki, hata mke wangu ananikimbia."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka.

"Jua hili!" Zoazoa alilegeza tai. "Tangu asubuhi nameza vumbi. Hebu nimiminieni chai, jamani."

Hakuna aliyejitikisa.

Akacheka, akidhani hawakumsikia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Au huku hamkufundishwa?"

Muuza samaki aliisukuma chupa yake kwa kisigino mpaka chini kabisa ya benchi. Mama mmoja akaipakata ya kwake kama kichanga. Wote walikuwa watu wazima, wenye adabu zao, na walimwangalia mgeni mwenye kiu pasipo mmoja kunyoosha mkono.

"Hata funda moja?"

Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Akaikamata chupa ya yule bibi, vidole vyake tayari kwenye kifuniko. Nesi akapiga hatua moja mbele.

"Chukua, mwanangu," bibi alisema kwa sauti tamu, akamsogezea. "Kikombe sina, huwa nainywa hapo hapo mdomoni. Ila kifua hiki..." Akakohoa, kikohozi kirefu kilichoanzia kwenye nyayo. "Wameyapeleka makohozi kupimwa. Majibu bado."

Mkono wa Zoazoa ulirudi wenyewe. Akaupangusa kwenye suruali, akaupangusa tena.

"Dereva! Injini imepoa!"

"Bado, bosi, ina..."

"Nimesema imepoa!"

Gari liliondoka likifuka mvuke. Walilisindikiza kwa macho mpaka vumbi lilipotua na mlio ukapotelea bondeni.

"Mgeni kaja," bibi alisema, akijikaza kuketi sawasawa, "na kweli mwenyeji kapona. Kifua chepesi kama cha msichana."

Nesi alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya mtoto, bomba la sindano mkononi. "Haraka, Bibi. Tuanze na ya kwako."

Bibi akafungua chupa yake ya chai, akazamisha vidole katikati ya mabaki ya barafu ya muuza samaki, akatoa kichupa cha insulini, akakifuta maji kwa ncha ya mtandio.