Kona ya Mwisho

Siku hizi prosesa hujifunza mkono wa mwenye kompyuta, na mwenyewe akifa, huendelea kucheza kwa niaba yake. Ndivyo Bi Mwanahawa alivyoishi miaka minne ya ujane. Kila alasiri alifungua laptopu ya gemu ya marehemu mumewe, Shekue, wakashindana mbio za magari. Gari jekundu la Shekue lilimtangulia siku zote, lakini likifika kona ya mwisho lilipunguza mwendo, likamngoja. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Gemu lilipotoka toleo jipya, prosesa ile haikufaa tena. Fundi Mbaruku akampangia prosesa mpya tatu mezani. Bi Mwanahawa akachagua yenye kasi kuliko zote. Shekue hakuwa mtu wa kupewa kitu hivi hivi.

"Mkono wake umehamia wote, shangazi," fundi alimhakikishia, akaitia ya zamani kwenye mashine ya kusaga, kama sheria inavyotaka.

Bi Mwanahawa akajaribu palepale dukani. Gari jekundu likapiga honi mbili, Shekue yule yule. Kona ya mwisho likaipita kama mshale.

"Mbona hakuningoja?"

"Kungoja?" Mbaruku alicheka kidogo. "Ile ya zamani ilikuwa inachemka, shangazi. Ikifika pale, pumzi zinaiishia."

Bi Mwanahawa aliitazama barabara tupu kwenye kioo cha laptopu. Kisha akazisogelea zile mbili zilizobaki mezani.

"Ipi hapa," aliuliza taratibu, "ndiyo yenye mwendo mzito zaidi?"