Chumba cha Mto

Sheria ya mji ilitaka kila nyumba ya bondeni iache chumba kimoja kitupu, mto ukifurika upate pa kupita. Bi Mwatumu alikifagia chake kila asubuhi kama cha mgeni wa heshima, ingawa mgeni mwenyewe alikuwa hajatokea mwaka wa nne huo. Aliyetokea ni Zamda, bintiye, ameachika, mtoto mgongoni.

“Mama, si hiki hapa kitupu?”

“Cha mto hicho, mwanangu. Wakaguzi wakikukuta humo watatuvunjia nyumba. Na kile kingine tumebanana watu sita.”

“Haya. Mto una chumba kwetu, mimi niliyezaliwa humu sina.”

Akashika njia.

Masika yaliyofuata mto ulikuja. Tangu hapo huja kila mwaka, bila hodi. Bi Mwatumu hufagia tope huku ametega sikio mlangoni. Hodi anayoingoja haijapigwa.