Mshindi wa Ngazi

Mlinzi wa geti alipanda ngazi kwa mara ya tatu mchana ule, tusi mdomoni, bangili ya zambarau mkononi. Bangili ilimbana. Alikuwa ameongeza tundu kwenye mkanda wa bangili kwa msumari wa moto, na bado iliacha alama nyekundu kwenye ngozi.

Ikatetemeka. Maandishi yakatokea: *Hongera! Endelea hivyo hivyo!*

"Hongera kampe mama yako," akaijibu, akaendelea kupanda.

Bangili hizo za kuhesabu hatua zililetwa lifti ilipokufa. Jengo zima lilingoja fundi. Wakubwa wakaleta bangili. Kila anayefanya kazi ndani akavishwa yake, wa usafi wakapewa za zambarau, vijana wa kompyuta wa ghorofa ya tano wakaziunganisha na mashine zao, na mkurugenzi akatangaza kwamba ngazi ni afya: atakayepanda kuliko wote hadi mwisho wa mwaka atapewa zawadi hadharani. Ofisi ya mkurugenzi mwenyewe iko chini, karibu na mlango. Watu husema aliye juu mngoje chini. Huyu alikuwa chini tayari, na waliokuwa wakifa ni wa juu.

Na kweli mtu alikufa. Mke wa mlinzi alifanya usafi ghorofa ya tano. Siku moja aliitua ndoo yake ya maji kwenye kona ya ghorofa ya nne, akaketi apumue kidogo, asiinuke tena. Mlinzi alipokwenda kutoa taarifa, msimamizi hakuinua hata uso. "Pole. Tutaleta mwingine." Kesho yake mwanamke mwingine alishika ndoo ileile. Mazishini hakuonekana mkubwa hata mmoja, wala salamu zao.

Tangu hapo mlinzi akawa anapanda. Kila saa ya kula alimwachia mwenzake geti, akapanda na kushuka, magoti yakilia kama bawaba kavu. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya zawadi ifike, mkurugenzi asimame mbele ya watu wote, na jambo lile lisemwe pale kwa sauti, asipate pa kujificha.

Wa kumharibia walikuwa vijana wa kompyuta. Aliwachukia. Kwake walikuwa mbwa wa wakubwa, wanaohesabu pumzi za watu kwenye kioo. Mkewe ndiye aliyewapenda, akawabatiza majina, akawasimulia nyumbani kama watoto wake: yule Miwani asiyekula asubuhi, yule Kelele anayecheka hadi vikombe vinagongana.

Siku hiyo Miwani alikuwa amesimama kwenye kona ya ghorofa ya nne, anamngoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipishe."

"Hiyo bangili tunaiona kwenye mashine zetu. Kila siku inapanda."

"Mnaiona! Leo mna macho? Siku ile mliyaazimisha kwa nani?"

"Siku ile mimi ndiye niliyemshika kichwa, mzee. Hapa hapa."

Mlinzi aliitazama sakafu ya kona ile. Lakini kuomba radhi hakukuzoea.

"Basi nenda kanishtaki. Upate cheo."

"Nikibonyeza mahali pamoja tu, inazimika. Nimekaa nayo miezi yote hii, sijabonyeza." Miwani akashusha sauti. "Ila usizipande mbili mbili. Utatufia na wewe, na kazi itakuwa ya bure."

Kuanzia kesho yake hakupanda peke yake tena. Mara Miwani, mara Kelele, yule binti mwenye mdomo usio na kitasa.

"Pumua kwa pua, baba! Unahema kama pikipiki mbovu."

"Na wewe unapiga domo kama redio ya kinyozi."

"Hata mama, mkeo, alikuwa ananiambia hivyo hivyo," Kelele akasema, na kwa mara ya kwanza akanyamaza hadi juu.

Jambo lililomuudhi mlinzi kuliko yote ni kwamba mwili ulianza kumtii. Magoti yalinyamaza. Usingizi ukarudi. Dawa ya adui ilikuwa inamponya, naye akaitukana kila ilipotetemeka.

Wiki ya mwisho alimuuliza Miwani swali moja. "Mshindi atajulikana vipi?"

"Mashine inatoa jina. Sisi tunalitupa kwenye skrini kubwa."

"Wakubwa hawalisomi kwanza?"

"Wakubwa?" Miwani akacheka bila furaha. "Wakubwa wanasoma palepale."

Siku ya zawadi ukumbi wa chini ulijaa. Mlinzi alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, bangili mkononi. Mkurugenzi alipanda jukwaa lenye vidato viwili, akajifuta jasho.

"Wapo waliolalamika juu ya lifti," akasema. "Tena kwa maneno makali. Mimi sitawajibu. Leo mshindi wetu ndiye atakayewajibu."

Wakubwa wa viti vya mbele wakapiga makofi. Pembeni, Kelele aliangalia sakafu. Miwani akabonyeza.

Skrini ikawaka. Mkurugenzi akageuka, akasoma jina kwa sauti yake nene, akasoma na kazi: usafi, ghorofa ya tano. Lilikuwa jina lilelile ambalo mlinzi aliliandika kwa mkono wake, kwa herufi zilizopinda, kwenye kibao cha kaburi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkurugenzi akatazama huku na huku, akatabasamu.

"Mbona mmenyamaza? Mama yetu anaona haya. Mpisheni apande."